Kifurushi cha Meneja

Jumatatu, 3 Juni

Tumerudi nyumbani. Mimi, mshono wangu, na mtu mpya. Mshono unavuta nikicheka, kwa hiyo nimejikataza kucheka, na mume wangu leo ndiyo kaamua kuwa mchekeshaji!

Binti yetu mkubwa alikuwa mlangoni na jirani, nesi wa ghorofa ya juu. Kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Hajatimiza hata miaka mitatu, lakini nyumba hii anaiendesha yeye. Jina la Meneja hakulipata bure. Kule hospitali nilikuwa nikimnyonyesha mdogo huku namuwaza mkubwa. Atampokeaje? Nilijiandaa kwa kilio. Badala yake akachungulia ndani ya blanketi, akauliza hiki nini.

Baba yake akapiga magoti. "Kifurushi! Tumekuletea wewe. Ni chako."

"Changu?"

"Chako kabisa. Si cha mtu mwingine."

Meneja akakaa chini, akanyoosha miguu, akafungua mikono apokee mzigo wake. Akanitazama mimi, maana baba yake humwamini nusu nusu. Nikasema ndiyo, mama, ni chako. Nilikuwa nimechoka, nataka kitanda tu.

Baba Meneja anajisifu eti ameua wivu kwa neno moja. Mafundi wa friji kama yeye ndivyo walivyo. Jina la kweli la mtoto bado tunabishania, basi kwa sasa ni Kifurushi.

Mama mkwe anafika kesho kunisaidia. Namshukuru. Kweli namshukuru. Tuone kesho kutwa.

Jumanne, 4 Juni

Amefika. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshahamisha sufuria zangu. Lakini haki yake nimpe: namna anavyomwogesha mtoto, mimi siwezi. Mkono mmoja chini ya shingo, mwingine unafanya kazi, na Kifurushi kimya kabisa ndani ya beseni la bluu.

Beseni hilo sasa ndilo kitanda chake cha mchana. Nesi amenikataza kuinama na kubeba. Nimetandika blanketi ndani, nikafunga kwenye mkono wa beseni kitambaa kirefu cha sare za shule. Kazi yangu ni kukata vitambaa vya sare, sikosi vipande. Nikienda jikoni namvuta taratibu sakafuni, nikirudi namvuta tena. Mama mkwe aliona akasema hajawahi kuona mtoto akivutwa kama mbuzi. Kisha jioni nikamkuta anavuta yeye.

Meneja anatembea nyuma ya beseni, mikono mgongoni. Bibi akimnyanyua mtoto: "Weka! Changu!" Tulicheka wote. Mshono!

Alhamisi, 6 Juni

Hatucheki tena.

Meneja amemng'ata bibi yake. Bibi alikuwa anamtoa Kifurushi nje apate jua la asubuhi, na Meneja akadhani anaporwa. Alama za meno zimebaki mkononi. Bibi anasema ni wivu, mtoto ameharibika. Mimi nasema si wivu. Mwenye wivu angetaka mtoto aondoke. Huyu hataki hata aguswe. Lakini nani anamsikiliza mzazi mwenye macho mekundu?

Hata kunyonyesha sasa ni kwa kibali. "Mama, omba." Naomba. Anafikiri kwanza! Kisha ananipa ruhusa. Nikimaliza ananiambia rudisha.

Baba Meneja amerudi jioni na kidole kilichoungua kwenye bomba la gesi. Mama yake alimdaka mlangoni kabla yangu. Nilisikia kutoka jikoni. Kwamba nimeelemewa. Kwamba ni afadhali aondoke na Meneja kwa wiki chache, mpaka nipone. Kwake ni safari ya kutwa nzima kwa basi. Mume wangu akajibu, "Tutaangalia, Mama."

Naijua hiyo tutaangalia. Ni ndiyo iliyovaa koti.

Nilimwambia chumbani: kama kuna mpango wa kumhamisha mwanangu, uanzie kwangu. Akasema hakuna aliyetaja kuhama. Akalala na kidole chake.

Ijumaa, 7 Juni

Meneja amemlisha Kifurushi mkate.

Donge zima. Nilisikia sauti ya kukwama, nikaruka, nikalitoa kwa kidole. "Changu ana njaa," akanieleza, kwa upole kabisa, kama mtu anayezungumza na mfanyakazi mzembe.

Nikampiga kofi mkononi. Sijawahi kumpiga. Hakulia. Aliutazama mkono wake, kisha akautazama wangu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote, akageuka akaenda zake.

Jumapili, 9 Juni

Wiki chache, eti!

Leo mama mkwe alikuwa anaongea kwa simu na jirani yake wa kule kwao, na yeye akiongea kwa simu hata wa barabarani anapata habari. Chumba cha nyuma kipakwe rangi. Na amuulize yule mwalimu wa chekechea kama kuna nafasi. Chekechea! Nilikuwa nakunja nepi, nikazikunja upya zilezile.

Mchana wifi yangu akapiga simu kunisalimia. Dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke wa maneno machache. Nikajifungia bafuni nikamweleza.

Akaniambia na yeye alipelekwa kwa bibi yake wiki chache, Baba Meneja alipozaliwa. Alikaa mpaka akaota meno ya ukubwani. Siku aliporudi nyumbani kwao, aliomba ruhusa ya kunywa maji. Mama yake mzazi akamwambia hapa ni kwenu, chota unywe. Lakini akaendelea kuomba. "Mpaka leo nikienda naomba, wifi. Mdomo unasema wenyewe." Halafu akanisihi nisimwambie Mama kwamba amenisimulia.

Nimetoka bafuni nimeshaamua. Meneja haendi popote. Nimemwambia mume wangu, na safari hii nilimshika mkono ule usiouma. Akasema sawa. Akaenda mwenyewe kumwambia mama yake. Mama hakubisha. Ila sufuria za leo zimeoshwa kwa kelele sana.

Jumatatu, 10 Juni

Kifurushi ameanguka.

Nilimwacha katikati ya kitanda, nikaenda chooni. Chooni tu! Bibi alikuwa anaanika nguo. Meneja akapanda kitandani, akamvuta kwa shuka ili amrudishe kwenye beseni lake. Kitanda chenyewe kimeinuka sana. Nilisikia kishindo, halafu kimya. Ule ukimya sitausahau. Kisha ndipo akalia, na sijawahi kufurahia kilio hivyo.

Nesi alishuka ngazi na povu la sabuni mikononi. Tukakimbia hospitali. Daktari alimpapasa kichwa, akammulika macho, akabonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Walituweka pale mpaka jioni. Hakuna kilichovunjika. Tumtazame. Akitapika, au akiwa mgumu kuamka, tumrudishe mara moja.

Tuliporudi Meneja alikuwa chini ya meza. Bibi alisema hajatoka tangu tulipoondoka, hata chakula amekula huko. Akaniuliza, "Kimevunjika?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia usimbebe tena. Usimbebe kabisa, umesikia? Usibebe. Nililisema hilo neno mara nyingi kupita kiasi, na kwa sauti kubwa. Akaitikia kwa kichwa kila mara.

Mama mkwe hakusema "si niliwaambia." Nilimsubiri alitamke ili nigombane na mtu. Hakutamka. Aliniwekea maji ya kuoga, akanipa taulo. Pale pale, na taulo mkononi, nikasema mwenyewe: "Mama, mchukue."

Jumatano, 12 Juni

Kifurushi ananyonya. Hatapiki. Namwamsha kila mara kuona kama anaamka, halafu analia kwa kuamshwa, halafu nalia mimi.

Baba Meneja amekasirika. Jumapili ulisema haendi! Nikamwambia Jumapili ilikuwa Jumapili. Akaanza, kwa sauti ya chini, kunikumbusha dada yake. Kumbe anajua! Anajua siku zote, na bado alisema tutaangalia. Akasema tungoje, tufikiri.

"Nani alimwambia ni chake? Si wewe?"

"Na wewe ukaitikia."

Kweli niliitikia. Ndiyo maana nilimpigia kelele zaidi. Akachukua mkoba wa vifaa akaenda kutengeneza friji fulani ambayo nina hakika ni nzima.

Wanaondoka Jumamosi asubuhi. Teksi itawapeleka stendi. Naandika "wanaondoka" kama vile mimi simo. Ninaogopa akiondoka. Ninaogopa akibaki. Nikiwa na mmoja mikononi, moyo unakimbia kumtafuta mwingine yuko wapi na anafanya nini, na mshono huu, na huu mwili uliolegea kama soksi kuukuu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Hawakusema mzazi afanye nini wana wakiwa wawili.

Ijumaa, 14 Juni

Nimepanga nguo zake. Sweta ya njano sijaiona, nitaitafuta kesho. Mama mkwe alikuwa anakunja upande wa pili wa kitanda. Alishika gauni moja dogo muda mrefu. Akasema, mwanangu, wa kwangu alikuwa wa kimo hiki hiki. Nikangoja aendelee. Akalikunja, akaliweka, akaomba pini.

Nimemwambia Meneja. Kwamba kesho anapanda gari, anaenda kwa Bibi, kuna kuku na kuna nafasi ya kukimbia. Akauliza kama kuku wanang'ata. Akauliza kama mimi nakwenda. Nikasema mimi nitabaki kidogo. Akafikiri, akakubali. Hakuuliza habari za Kifurushi hata kidogo, na mimi nikashukuru moyoni. Nimeona ameanza kumsahau. Tangu Jumatatu hamgusi. Anasimama mbali na beseni, mikono mgongoni, anatazama.

Wakati wa kulala Bibi alimkumbusha: "Kesho unachukua vitu vyako vyote. Usiache kitu chako hapa."

"Vyote?"

"Vyote, mama."

Baba yake alikuwa pale. Alitoka nje ghafla, akasema anaangalia kama mvua inakuja.

Jumamosi, 15 Juni

Teksi iko chini. Inapiga honi. Nimeingia chumbani kutafuta sweta ya njano. Nimeiona, ninayo hapa mapajani. Naandika kwa sababu mikono inataka kazi na siwezi kutoka bado.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa sebuleni wote watatu, watu wazima, tunahesabiana mizigo. Mkoba wa Bibi. Mfuko wa chakula. Baba Meneja begani ana begi la mtoto, lile dogo lenye sungura, na halimfai. Bibi akaita, "Meneja! Haya, tunaondoka, vitu vyako viko tayari?" Akajibu kutoka chumbani ndiyo.

Kisha nikasikia sauti ninayoijua, ya plastiki ikikwaruza sakafu.

Akatokea kinyumenyume. Viatu amevaa, kushoto kulia na kulia kushoto. Kitambaa cha sare amekizungusha mkononi, anavuta kidogo, anapumzika, anavuta. Ndani ya beseni Kifurushi amelala fofofo. Pembeni yake nepi. Pembeni ya nepi kijiko, na mwanasesere wake yule asiye na mkono, na chanuo langu. Kifurushi nilikuwa nimemlaza mwenyewe mle, miguuni pa kitanda, dakika chache tu kabla.

Labda tulikuwa na sura mbaya, kwa maana Meneja aliogopa. Akaachia kitambaa, akainua mikono yote miwili tuione.

"Sikubeba," akasema. "Sikubeba, Mama. Navuta tu."

Nilishika ukuta.

Bibi akajaribu. Akachuchumaa, akamwambia mjukuu wangu, mtoto anabaki na mama, huyu bado mdogo. Meneja akamtazama kwa mshangao. "Bibi, ulisema vyote." Kisha akamgeukia baba yake, aliyekuwa shahidi siku ile mlangoni. "Baba, si changu?"

Mume wangu alifungua mdomo. Nikaona kabisa anatafuta neno moja la kutengeneza mambo, na mara hii hakulipata. Begi la sungura likateleza begani likaning'inia kwenye kiwiko, akaliacha hivyo hivyo.

Na mama mkwe akakaa chini. Si kwenye kiti, juu ya mkoba wake mwenyewe, na ndani mna mayai. Alikuwa anatazama beseni. Akasema, si kwangu wala si kwa mtoto wake, "Wa kwangu hakuchukua kitu. Aliondoka mikono mitupu. Nikasema, tazama, hana hata shida."

Akarudia, "Nikasema hana hata shida."

Nilitaka kumshika bega. Sikumshika. Nikasema nakwenda kuleta sweta.

Honi tena, ndefu. Nasikia beseni linakwaruza tena, taratibu, limefika mlangoni. Nasikia Meneja anarukaruka kulifikia komeo. Halifikii. Mimi nina sweta, na sijui kama naileta avae au nairudisha kabatini. Mshono unauma nikipumua.

"Mama, njoo ufungue! Tunachelewa!"

Baba yake yuko pale. Bibi yake yuko pale. Hakuna anayefungua.