Aya ya Sita

Jumatatu, 18 Agosti 2025. Rubondo, kambi ya wakimbizi.

Barua imekwenda! Kurasa nne, viambatisho kumi na kimoja, kila kimoja na nambari yake. Ni ombi la Papa na Mama la kumfuata kaka yangu Bienfait huko Australia. Nimeliandaa mwenyewe kwa majuma matatu, na chini yake nimetia sahihi: Orpa, mtayarishaji na mkalimani. Papa alichovya dole gumba kwenye wino, akalibonyeza. Hakutaka hata kusomewa. "Mwenye kusoma ni weye," alisema. "Mimi niko na kidole tu."

Bi Robinah, wakili ambaye ninajitolea ofisini mwake, aliisoma mpaka chai yake ikapoa. Kwenye aya ya sita aliinua macho. Aya hiyo haimo katika fomu. Ni yangu kabisa. Inasema kwamba waombaji, kwa kuwa hawana la kuficha, wako tayari kupimwa DNA pamoja na mwana wao hata kabla ya kuombwa. Aliniuliza nani alinifundisha. Nikajibu: nilijifundisha. Alisema nafasi ya msaidizi itatangazwa Oktoba, nisiende mbali.

Mimi sitakwenda nao. Nina miaka ishirini na minne; sihesabiwi tena miongoni mwa wanaowategemea. Nilidhani kuliandika jambo hili kutaniuma. Hakujaniuma — bado.

Jumapili, 7 Septemba

Wameombewa safari kanisani. Mara ya pili!

Tulipotoka, jirani yetu Mama Ancilla, tunayechota naye maji bombani, alipaza sauti mbele ya watu wote: "Papa Australia! Ungali unakunywa maji ya ku pompe yetu? Utatuachia fasi lini?" Watu wakaangua kicheko. Papa akamjibu kwamba atamtumia kangaruu mmoja aje amulimie.

Mvua zimeanza. Mashamba ya wenzetu yamelimwa hadi barabarani. Letu lina magugu tu. Papa amekataa kupanda maharagwe — anasema mtu hapandi asichokusudia kuvuna. Jembe zuri amekwisha kumpa Mama Ancilla. Mama amegawa masufuria, amebakiza moja. Nilimweleza kwa heshima kwamba majibu huweza kuchukua mwaka mzima. Alinitazama kana kwamba ninamtakia mabaya.

Jumatano, 24 Septemba

Majibu! Mwezi mmoja na siku chache — Bi Robinah anasema hajawahi kuona kasi kama hii. Sababu imeandikwa waziwazi: pendekezo la aya ya sita limekubaliwa. Papa na Mama wafike kwenye kliniki moja ya Mbarara tarehe 9 Oktoba, saa tatu asubuhi. Bienfait atatoa sampuli yake huko Adelaide, anakoishi, siku hiyo hiyo.

Niliwasomea nikiwa nimesimama uani. Papa akauliza DNA ni kitu gani. Nilieleza vizuri, nadhani: hakuna sindano, ni pamba tu mdomoni, kisha mashine inaonyesha nani amemzaa nani. Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Ungo ukasimama.

"Mashini inajua ile?"

Nikasema inajua, Mama, bila shaka yoyote.

Akaweka ungo chini, akaingia ndani. Kuku wakayavamia maharagwe, wala hakurudi kuwafukuza. Mama hajawahi kuwaachia kuku chakula. Kamwe.

Alhamisi, 25 Septemba

Hawali. Wanaongea Kibembe, lugha ya kwao milimani, kwa sauti ya chini. Nikitokea wanahamia Kiswahili — habari za mvua.

Jumamosi, 27 Septemba

Mama aliniita twende tukang'oe magugu. Katika shamba ambalo halitapandwa! Nilijua basi kwamba kuna neno. Aliinama, hakunitazama hata mara moja, akasema.

Papa alikuwa na kaka mkubwa, Natanaeli. Aliuawa milimani huko Fizi mwaka 1996. Mkewe alijifungua katika kukimbia vita, akafa juma lilelile. Siku nne kabla, Mama alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza, na maziwa yalikuwa yakimtiririka bure. Wakamwekea kichanga kifuani.

"Alinyonya yangu," alisema. "Alinyamaza pa kifua changu. Nani angeniuliza ni wa nani?"

Kichanga yule ni Bienfait.

Kwetu mtoto wa kaka haitwi wa kulea — ni wako, basi. Kumwita yatima mbele ya watu ni kumzika baba yake mara ya pili. Papa aliapa juu ya kaburi la Natanaeli kwamba neno hilo halitatamkwa. Kwa hiyo kila tulipoandikishwa, kwenye kila daftari, walisema: mwana wetu. Hawakuona uongo. Mimi nisingeuona pia; nimempigia kaka yangu simu miaka saba bila kujua. Bienfait mwenyewe hajui.

Mama akanyooka, magugu mkononi. "Ile maneno ya mashini, ni weye uliandika?"

Ndiyo, Mama.

"Nani alikuomba?"

Hakuna aliyeniomba.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilimwuliza Bi Robinah kwa njia ya mfano: tuseme kuna mteja. Alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye simu yake. Mtoto wa kulea si tatizo, anatambuliwa. Ila wazazi waseme wenyewe, kwa maandishi, kabla hawajapimwa, na mtoto atapelekewa nakala aithibitishe. Wakisubiri mashine iwasemee, huo ni udanganyifu. Faili hufungwa. Na huenda faili ya mtoto ikafunguliwa upya — yeye, mkewe, watoto wake.

Mke wa Bienfait ni Grâce. Watoto ni wawili.

Kisha akainua kichwa. "Orpa, huyo mteja ni nani?"

Nikasema mtu mmoja wa kambini, upande wa pili wa ziwa. Ni uongo wangu wa kwanza ofisini. Ulitoka kwa ufasaha.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimeandika tamko. Aya moja, maneno arobaini. Sijawahi kuandika kitu kifupi namna hii kwa taabu kama hii. Nilimsomea Papa baada ya chai.

"Unataka niseme Bienfait si wangu?"

Hapana, Papa. Useme kwamba ulimlea.

"Ni kitu moja tu."

Nilimweleza habari za faili, za Grâce, za watoto. Nikashauri tumpigie Bienfait kwanza, asikie kwa sauti ya baba yake kuliko kwa karatasi ya serikali. Papa akasimama. Alisema kiapo cha kaburini hakitenguliwi ku telefone.

Basi tusiende Mbarara, nikasema. Tuondoe ombi.

Hapo Mama akaingilia, na sauti yake nilikuwa siijui: "Tuondoe! Na Bienfait akiuliza juu ya nini tumekataa kumufuata, utamujibu nini, weye mwenye kusoma?"

Mwishowe Papa akasema kwamba Mungu aliyemleta mtoto yule kifuani mwa Mama anaweza kuinyamazisha mashini.

Nilikusanya vikombe na kulikunja tamko.

Jumatatu, 6 Oktoba

Tangazo la kazi limebandikwa. Bi Robinah ameniomba ruhusa awasomee wenzake aya ya sita kwenye semina ya Ijumaa, iwe mfano wa uandishi wenye ujasiri. Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Mama amempa Mama Ancilla sufuria ya mwisho. Tunapikia ya kuazima — na tunaiazima kwa Mama Ancilla.

Jumatano, 8 Oktoba

Bienfait amepiga, sura yake imejaa simu nzima. Amepaka rangi chumba cha Papa na Mama. Kitanda ni kifupi, asema, makusudi, ili Papa asisumbuke kupanda. Watoto wanahesabu siku ukutani kwa chaki. Kisha akatania juu ya kesho: "Papa, bale batu banataka mate ya nini? Si bangetazama tu hii pua!" Akageuka upande ili tuione.

Ni kweli, wana pua moja. Kila mtu Rubondo husema hivyo. Sasa najua inatoka wapi.

Papa alicheka mno. Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na Mama akaichukua simu mkononi mwake.

Nimelitia tamko katika bahasha, pamoja na kidau cha wino. Ikiwa Papa atabadili moyo njiani.

Alhamisi, 9 Oktoba. Mbarara, korido ya kliniki.

Ninaandika gotini. Tumefika saa mbili, bora kuwahi.

Faizo, kijana wa bodaboda, ndiye aliyetupeleka barabara kuu kwa pikipiki, kwa zamu. Alikataa nauli ya Papa. "Mzee, leo ndiyo leo, sebo, bwana! Wewe kwenda Australia, mimi iko hapa na hii vumbi. Usisahau sisi!" Papa alimshika mkono muda mrefu. Amevaa suti aliyoinunua kwa ajili ya safari.

Korido ina benchi moja na dirisha moja. Nesi ni kijana mpole. Ametuambia wataingia mmoja-mmoja, kwanza mzee. "Nani anajua Kiingereza? Wewe? Sawa, dada, utasaidia mimi kuuliza yeye maswali." Anayo fomu mkononi. Nimeisoma kichwa chini, miguu juu. Swali la kwanza: je, huyu ni mtoto uliyemzaa mwenyewe?

Nitaliuliza mimi. Nitalijibu mimi pia, kwa Kiingereza, kwa niaba yake, na kutia sahihi. Ijumaa — kesho! — aya yangu itasomwa kwenye semina.

Nimemwonyesha Papa bahasha. Hakuitazama. Mama ameniambia kwa upole niirudishe mfukoni.

Saa tatu kasoro. Simu ya Mama imelia ujumbe. Ni picha: Bienfait, kijiti cha pamba mdomoni, anacheka kwa macho. Nyuma yake watoto wawili wamejitia vijiko midomoni, wanamwiga. Chini ameandika: Mimi nimemaliza! Zamu yenu.

Mama amekifuta kioo kwa ncha ya kitenge ingawa hakina vumbi. Ameisogeza picha kwa Papa. Anaitazama. Anaitazama bado. Amegusa, si uso wa Bienfait, bali pua.

"Natanaeli," amesema. Kwa sauti ya kawaida. Miaka ishirini na minne nimeishi na baba huyu. Leo ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina hilo kinywani mwake.

Mlango umefunguka. Nesi anamwita Papa: "Mzee Léopold!"

Na simu inaita pia — Bienfait, anataka kutuona. Imo gotini mwa Papa, inatetemeka juu ya suruali. Mama amefumba macho. Nimeitoa bahasha tena na kukifungua kidau cha wino, nimejichafua vidole.

Nesi ameita mara ya pili.

Papa amevua kofia, kama avuavyo makaburini. Amenyoosha dole gumba. Kwenye wino, alitie sahihi tamko, au kwenye simu, amjibu Bienfait — vyote viko mbele yake, na mkono umesimama hapo katikati, na mimi —