Mkanda Alioushona Baba

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha, na bati la chumba changu halivuji tena. Natumaini na wewe mgongo umekuachia kidogo, unainamia cherehani yako kwa amani, na maturubai ya malori hayajakumaliza macho.

Nakuandikia jambo kabla hujalisikia kwa watu, maana habari ikikufikia kwa watu huwa imeshaota pembe. Nimeanza kupanda kuta. Usiinuke kwenye kiti! Si kuta za nyumba za watu. Nyuma ya kiwanda chetu cha kuchapa vitabu kuna ghala, ndani wamejenga ukuta mrefu kama ghorofa tatu, umejaa vishikio vya rangi rangi. Watu wanapanda, wanagusa juu, wanashuka. Ndiyo, wanashuka mikono mitupu. Najua utakachosema.

Hatupandi kienyeji. Unavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, unafunga kamba mbele kwa fundo lenye umbo la tarakimu nane, na mwenzako aliye chini anaishika kamba hiyo kupitia kifaa kinachoibana. Ukiteleza, anakuzuia. Viganja tunavipaka unga wa chaki ili vishike. Wiki mbili za kwanza Kocha, mama mmoja mkali, hakuturuhusu kupita urefu wa mlango. Tulijifunza kufunga fundo na kuanguka, basi. Anayenishikia kamba ni mwenzangu kazini, yule wa mashine ya kukata karatasi. Tunamwita Kimya.

Nambari yangu ya simu nimeiandika nyuma ya karatasi, hata kama hutapiga.

Mwanao,
Sisimizi

11 Machi

Mwanangu Sisimizi,

Marahaba. Mgongo upo na mimi nipo, tunavumiliana. Simu sitaki, unajua. Mdomo unaosema ni mmoja, masikio yanayosikiliza huyajui idadi. Hata hii barua yako imefika gundi imebanduka upande mmoja. Nani kaifungua?

Tuje kwa huyo Kimya. Anafaidika nini? Mtu atoke kazini amechoka, kisha asimame chini ya ukuta saa nzima kushika kamba ya binti wa mtu? Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Amewahi kumwangusha nani? Na huyo Kocha, nani alimpa ukocha? Umewahi kumwona yeye mwenyewe akiwa juu, au kazi yake ni kupandisha watoto wa wenzake?

Nilikuwa nakukagua begi kila ulipotoka shule. Ukaninunia, ulipopata kazi ukahama. Mpaka leo sijui kosa langu. Binadamu mpe mkono, mpe salamu, mpe hata kiti, lakini uhai wako usimpe akushikie. Nijibu kwa urefu.

Baba yako

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Gundi niliilamba vibaya mwenyewe. Hakuna mpelelezi anayetafuta habari za kikohozi changu.

Kimya leo anashika kamba yangu, kesho nashika yake. Hiyo ndiyo faida. Kocha nimemwona juu kabisa, ananing'inia kwa mkono mmoja huku anatugombeza.

Na nikuambie kitu utakachokipenda: hapa hakuna anayeaminiwa. Kabla mguu haujaacha sakafu, tunakaguana. Kila mara, hata kama ni mara ya kumi siku hiyo. Mimi navuta mkanda wake na kuangalia kifaa chake kimefungwa. Yeye anavuta wangu, anafuata mikunjo ya fundo langu kwa kidole. Kocha ana miaka ishirini kwenye kazi hii na bado anakaguliwa na mwanafunzi wa juzi. Hakuna anayenuna. Siku ya kwanza nilikukumbuka, nikacheka peke yangu.

Sasa ombi. Mikanda ya kuazima pale ina jasho la dunia nzima, kwa hiyo nimejinunulia wangu wa mitumba. Mzuri, ila kitanzi cha mbele, kile kinachobeba uzito wote, kimeanza kufumuka. Nikajiuliza, nahangaika nini na nina baba anayeshona mikanda ya kufungia mizigo ya malori? Nimeutia kwenye kifurushi hiki. Nishonee, baba.

Mwanao,
Sisimizi

2 Aprili
(kikaratasi ndani ya kifurushi)

Sisimizi, hujambo. Nimepiga mistari saba kwa uzi mweusi wa maturubai, ule wa nta. Ncha ya utepe iliyozidi nimeikata isikukere. Kitanzi hiki kitabeba ng'ombe na ndama wake. Sasa angalau kuna kitu kimoja huko juu ninachokiamini.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo, na ahsante. Pole kwa mgongo, najua kazi kama ile uliifanya umeinama siku nzima. Mkanda umefika na kila aliyeuona ameusifu.

Ila Kocha aliushika, akaugeuza kwenye mwanga, akanirudishia taratibu. Anasema mkanda wa kupandia ukifumuka haushonwi, hata na fundi wa namna gani. Unatupwa. Na wa mitumba haununuliwi kabisa, kwa sababu hujui umelala juani miaka mingapi wala umeangukiwa mara ngapi. Alisema kosa si la aliyeshona, ni langu mimi niliyenunua. Kimya alitikisa kichwa tu.

Jumamosi ya tarehe 20 tunakwenda kwenye miamba yenyewe, nje, kwa mara yangu ya kwanza. Niazime mkanda wa pale, au unasemaje? Sipendi kuuacha wako ukining'inia msumarini.

Mwanao,
Sisimizi

14 Aprili

Mwanangu,

Salamu baadaye.

Huyo Kocha anauza mikanda mipya? Niulizie hilo kwanza. Miaka thelathini na moja nashona vitu vinavyozuia mzigo usimwangukie mtu barabarani, na haujaanguka hata mmoja. Leo mwanamke nisiyemjua anageuza kazi yangu kwenye mwanga, na huyo bubu wako anatikisa kichwa! Kikulacho ki nguoni mwako. Wanakufundisha kuudharau mkono uliokulea.

Nitamwonyesha. Ile ncha niliyoikata ninayo hapa, nitaipima na majibu nitamletea kwa maandishi.

Wewe vaa mkanda wangu. Ukienda huko bila huo, nitajua umeniweka fungu gani. Na usiwaonyeshe.

Baba yako

Ijumaa 19 Aprili, saa kumi na mbili jioni
(ujumbe wa simu)

Habari dada. Mimi ni jirani wa baba yako, muuza vioo. Naandika anavyosema mzee, amesimama juu ya kichwa changu. Anasema USIVAE MKANDA. Anasema ile ncha aliishona kitanzi, mistari saba vilevile, akaining'iniza kwenye boriti, akaifunga gunia la mchanga na kuliachia lidondoke. Mara mbili kikashika. Mara ya tatu kikakatika. Anasema uzi ni mzima. Utepe ndio uliochanika kwenye matundu ya sindano yake, ulikuwa umeshaoza kwa jua. Anasema jibu. Dada, tafadhali jibu, mzee analia.

Jumamosi 20 Aprili, jioni
(ujumbe wa simu)

Mwambie baba niko chini, mzima. Tulitangulia jana mchana tukalala huko, na simu hazishiki. Ujumbe nimeuona sasa hivi njiani. Nitaandika.

22 Aprili

Baba,

Shikamoo. Jirani ameniambia hukula siku nzima. Tafadhali kula.

Nitakuambia ukweli. Niliuvaa. Nilivaa shati refu juu yake ili Kocha asiuone, kama ulivyosema. Nilijihisi mwizi, lakini nilikuwa mwizi wa baba yangu, nikaona sawa.

Chini ya mwamba Kimya alianza kunikagua. Nikamwambia, "Leo acha, mbona umeshaniona mara mia." Hakuacha. Akapandisha shati, akauona uzi mweusi. Akaiachia kamba ikaanguka chini.

"Sikushiki," akasema.

Nilimtukana, baba. Nilimwuliza ana ugomvi gani na baba yangu. Akasema, "Baba yako simjui. Ugomvi wangu ni na huo mkanda. Vua."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Kocha akaleta mkanda wa akiba, nikauvaa kwa hasira, tukakaguana bila kutazamana usoni, nikapanda. Karibu na juu mguu uliteleza. Nilianguka zaidi ya urefu wa mtu, kamba ikanikaza, nikabaki nabembea. Chini Kimya alikuwa ameshika kamba kwa mikono yote miwili, macho kwangu.

Kama ningekuwa na ule mwingine, sitaki kuandika. Nimeurudisha kwako pamoja na barua hii, kwa sababu siwezi kuutupa.

Mwanao,
Sisimizi

30 Aprili

Mwanangu Sisimizi,

Marahaba. Sijambo, nakula. Mgongo nimeusahau kwa muda.

Mkanda umefika. Nimeukata kwa mkasi mkubwa, vipande vifupi kuliko kidole, asije mtu akauokota jalalani akauvaa. Jirani akaniuliza mbona naharibu kitu kizima. Nikamwambia hata mimi niliuona mzima.

Maisha yangu yote nimewashuku watu wa posta, wenye simu, walimu wako, Kocha, na huyo kijana. Mkono wangu tu ndio sikuwahi kuushuku, na ndio uliotaka kunichukulia mtoto. Nyani haoni kundule. Nilikuamuru uvae, tena ufiche. Nisamehe, mwanangu.

Kimya mwambie namwomba radhi. Asiposema kitu, nitajua amepokea. Na asikuamini. Hata mkizeekea kwenye hiyo miamba, hata ukimwambia umechoka na una haraka, asikuamini hata siku moja.

Ndani ya bahasha kuna kifuko nimekushonea cha ule unga wa viganja. Hakibebi uzito wa mtu. Lakini kabla hujakifunga kiunoni, mpe kwanza akikague.

Baba yako