Bahasha Kutoka Kilwa

Jumatatu, 3 Machi 2025. Lubumbashi.

Miaka ishirini na sita leo tangu niondoke Kilwa, yetu ya ziwani, si ile ya pwani. Vita vilipokaribia nilidhani tunakwenda kwa majuma mawili. Asubuhi nimechota maji, nimekunywa chai bila sukari, nimeandika anwani tisa za hospitali. Mjukuu wangu Plamedi anasema mwandiko wangu utamfungulia milango. Bado haujafungua hata mmoja.

Anamaliza mwaka wa tatu wa maabara. Kilichobaki ni staji: miezi miwili ya kufanya kazi hospitalini bila malipo, ndipo chuo kimpe krediti kumi. Bila hizo kumi, zote alizokusanya miaka mitatu hazimpi diploma. Kila barua ya maombi ina nakala mbili. Moja inabaki huko, nyingine inarudi na muhuri wa kupokelewa. Tuna mihuri mingi. Jibu hatuna.

Ijumaa, 14 Machi

Hospitali mbili zimekataa. Ya tatu, karani alimwuliza: "Uko na nani ndani?" Akajibu hana muntu. "Basi, mama, rudi mwaka kesho." Alinisimulia akicheka. Alipoingia chumbani hakucheka.

Mama yake, binti yangu, alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Agnès, mke wangu, alimfuata. Tumebaki wawili hapa Naviundu. Mimi pia sina muntu ndani. Hata nje sina.

Alhamisi, 20 Machi

Tangazo limebandikwa kwenye valves, ule ubao wa chuo. Asiyepata mahali pa staji hadi mwisho wa mwezi atarudia mwaka. Hatuna cha kulipia mwaka wa nne. Ni hivyo tu.

Jirani yetu Mama Chantal anauza samaki wa kukausha, malori yanamletea kutoka ziwani. Leo amesimama uani na beseni kichwani, akasema: "Mukubwa wa maabara ya Kilwa anatafuta batoto ba staji. Banakataa kwenda, njia iko mubaya." Kisha akanigeukia, akaniita kwa kazi yangu ya zamani. "Papa Posta, si ni kwenu kule?"

Nikasema ndiyo.

Plamedi alinitazama. Nilijua kuna hospitali Kilwa. Nilijua tangu barua ya kwanza ya maombi. Sikuitaja. Nilitaka nitangulie mimi kurudi, si mtu mwingine. Aibu ndogo, lakini ni yangu, naiandika.

Jumanne, 1 Aprili

Amekwenda. Mkuu wa maabara, Bwana Mwansa, alimkubali kwa simu, dakika tatu. Chuo kikatia sahihi. Nilimsindikiza hadi kwenye lori. Akakaa juu ya magunia ya unga, amejifunga kitenge kichwani.

"Kambo, twende wote!"

"Mwaka ujao," nikasema.

Watu wa juu ya lori wakacheka. Mmoja akasema, "Kambo iko na rendez-vous," yaani miadi. Kambo, yaani babu, ndivyo anavyoniita tangu aanze kusema, kama wajukuu wote wa hapa. Mwaka ujao, ndivyo ninavyosema kila mwaka. Sikumpa jina la mtu yeyote wa kumsalimia. Sikuwa na hakika nani yuko hai.

Jumapili, 27 Aprili

Amepiga simu. Anapima damu, malaria, minyoo, sukari. Darubini moja, wanapokezana. Mtandao ulikatika mara nne. Nilitaka kumwuliza kuhusu nyumba yetu ya matofali nyuma ya posta. Niliuliza kama anakula. Anakula.

Jumatano, 14 Mei

Baridi imeanza. Hakuna la kuandika.

Jumatatu, 9 Juni

Alirudi juzi. Mweusi zaidi, mwembamba zaidi, anasema kwa sauti ya juu kama watu wa ziwani. Ripoti yake ina kurasa thelathini. Nimesahihisha Kifaransa, makosa si mengi. Kilwa yangu haimo ndani yake. Kuna majedwali ya vimelea.

Karatasi ya alama haikuja naye. Siku aliyoondoka Bwana Mwansa alikuwa vijijini kwa kazi ya chanjo, na ni yeye tu anayeijaza. Ataituma kwa lori la samaki. Lazima iwe ndani ya bahasha iliyofungwa, sahihi na muhuri vimepita juu ya mdomo wake, ili mwanafunzi asiguse alama. Sheria nzuri. Ningeitunga mimi.

Siku ya mwisho ya kupokea ni Jumamosi tarehe 28, saa sita mchana. Jumatatu yake ni sikukuu ya Uhuru, na baada ya hapo jury, kamati ya mitihani, inafunga orodha.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefungua bahasha.

Niandike kwa utaratibu. Saa nne asubuhi Mama Chantal alinikabidhi mlangoni. Plamedi yuko chuoni. Bahasha ya kaki, harufu ya samaki. Juu jina lake. Chini yake herufi za zamani, s/c, maana yake ipitie mkononi mwa fulani amfikishie mwenyewe. Kisha jina langu lote, pamoja na la baba yangu. Nyuma muhuri wa buluu: KILWA.

Tangu niondoke hakuna barua iliyonifikia ikiwa na neno hilo.

Ile s/c naijua. Nilikuwa posta miaka ishirini na miwili, nimewafundisha wengine maana yake. Sikuwahi kufungua barua isiyo yangu. Zilizofika zimechanika nilizibandika bila kusoma. Sikukosea leo, sikuchanganya. Niliketi nayo kama nusu saa. Nikafikiri: wameandika jina la baba, basi kuna anayenikumbuka. Huenda ametia kipande cha karatasi ndani kwa ajili yangu. Nikachukua kisu cha mkate.

Karatasi moja. Alama kumi na sita juu ya ishirini. Chini, kwa Kifaransa, mstari mmoja wa maoni: wenyeji walimpokea kama mtoto wao.

Nikaitikisa bahasha. Hamkuwa na kingine.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemwambia leo. Jana nilinyamaza, nikala naye, nikazima taa.

Aliishika bahasha muda mrefu. "Wewe mwenyewe, Kambo? Muntu wa posta?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akauliza nilikuwa natafuta nini. Nikasema sikutafuta kitu. Huo ni uongo wa pili; wa kwanza ni kule kunyamaza jana.

Jumatatu, 16 Juni

Tumekwenda wote kwa katibu wa chuo. Nilikuwa nimeandika maelezo, nakala mbili, kama tulivyofanya posta bahasha ikifunguliwa kwa makosa: tarehe, saa, mahali, jina la aliyefungua, hali ya kilichokuwemo. Lakini sikuandika kwa makosa. Niliandika: nimefungua mimi, kwa kutaka.

Katibu ni mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alisoma mara mbili. "Papa, mumeandika muzuri sana. Batoto banaleta bahasha ya kubandikwa na gundi, banaapa ni upepo." Akavua miwani. "Lakini hii mi siwezi kupokea. Jury itasema mutoto alijiandikia kumi na sita."

Nikauliza kama angepokea mimi nikiapa.

"Papa, hata askofu akiapa."

Akagonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu ya maelezo. Nimerudi nayo nyumbani. Karatasi ya alama, Bwana Mwansa aandike nyingine. Siku kumi na mbili zimebaki.

Jumatano, 18 Juni

Nimempigia Bwana Mwansa mwenyewe. Plamedi alisema ni zamu yangu. Sauti ya kijana, yenye heshima, yenye haraka. Nikamweleza. Akasema: "Papa, ile ilikuwa ya chuo." Nikasema najua. Ataandika nyingine, atampa dereva.

Nikataja jina langu tena, polepole, pamoja na la baba. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa wa posta.

"Posta gani, Papa? Kilwa haina posta."

Jina la baba alilipata kwenye fomu ya Plamedi, mahali pa mlezi. Nimemshukuru. Salio likaisha.

Jumatatu, 23 Juni

Lori limeondoka Kilwa jana. Mama Chantal amewaambia majirani wote. Leo kwenye bomba la maji: "Mufiche barua zenu, Papa Posta anapita!" Watu walicheka. Mimi nilijaza ndoo.

Alhamisi, 26 Juni

Lori limekwama. Mhimili umevunjika, siku moja ya safari bado. Plamedi anafua nguo zilizo safi. Mwaka wake mzima umo ndani ya kibanda cha dereva, kati ya samaki. Nimemweka mimi huko.

Sihisi chochote. Naandika ili ijulikane kwamba nilijua kosa ni langu.

Jumamosi, 28 Juni

Saa moja asubuhi Mama Chantal aligonga. Lori liko kwenye ghala la samaki, limeingia alfajiri. Tumekwenda kwa miguu, Plamedi mbele. Dereva alitoa bahasha ndani ya shati lake. Safari hii hakuna s/c. Jina la chuo tu. Mdomo umebandikwa, sahihi imepita juu, muhuri umepita juu, na juu ya vyote utepe wa plasta wa hospitali. Bwana Mwansa si mtu wa kurudia kosa la mwingine.

Plamedi alikwenda kutafuta pikipiki mbili. Kabla ya kuondoka akaninyooshea bahasha.

"Kambo, shika."

Mama Chantal akasema, "Weee! Huyu tena?" Plamedi aliniwekea bahasha mikononi akaondoka bila kugeuka.

Niliishika kwa mikono miwili. Sikuitazama nyuma. Dakika kumi hivi. Watu walipita na mabeseni. Aliporudi nilimpa.

Saa tatu na nusu katibu alitazama plasta, akanitazama mimi, akagonga muhuri.

Ijumaa, 25 Julai

Matokeo yako kwenye valves. Jina lake, kisha krediti zote, za staji pia. Alinipigia simu akilia kwa furaha, nyuma yake wenzake wakipiga kelele. Nikasema vizuri. Nikasema vizuri tena.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku ya wazazi. Asubuhi mji mzima uko makaburini na majembe, mchana watakula na walio hai. Tumesafisha kaburi la Agnès. Majani hayakuwa mengi. Plamedi alipaka chokaa msalaba, mimi nilishika kopo.

Hapo ndipo aliponiambia. Bwana Mwansa anamtaka maabara, kwa mshahara sasa. Anaondoka mwezi huu. "Twende, Kambo. Batanipa nyumba ya vyumba viwili." Nilimwuliza kama wanajua mimi ni nani. Akafikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri kila kitu. "Banajua uko kambo yangu."

Kila tarehe kama hii nimesema mwaka ujao nitasafisha la baba yangu kule Kilwa. Leo nilichukua karatasi, nikamchorea: kanisa, njia ya kushuka ziwani, safu ya tatu kutoka ukuta, jiwe lisilo na jina. Nikaikunja, nikaitia katika bahasha, nikaandika jina la Plamedi peke yake, nikaifunga.

Yeye atakwenda kulisafisha kaburi; huko hakuna tena anayenijua mimi. Mimi sitarudi Kilwa.