Spika Zilizotoka Mchana Kweupe

Moroni, Alhamisi. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu alfajiri, na mvua haikuja. Vidole vyangu vimechubuka, mgongo unaniuma, na nina aibu ambayo nadhani itachukua wiki kunitoka.

Kwa nusu siku nzima leo mji huu uliamini kwamba nimemwacha mke wangu.

Nianze na nyumba. Nyumba ni ya Hadija. Baba yake alimjengea kabla mimi sijamposa, na huku kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mkewe. Mambo yakiharibika, mume hutoka na vitu vyake na nyumba hubaki na mwenyewe. Haya nayajua. Lakini nimelelewa Unguja, ndiyo maana hata daftari hili naliandika kwa Kiswahili, na kuna mambo ya hapa ambayo kichwa kinayajua na miguu inayasahau.

Wafaransa walipoondoka baada ya uhuru, waliondoka mbio. Waliacha mashine za santuri, amplifaya, spika za kila namna, na mimi niliyekuwa fundi wao nikazichukua kwa bei ya kutupa. Nilijiambia kila bwana harusi wa Moroni atataka kuingia kwa mkewe na muziki. Haukupita muda, serikali mpya ikapiga marufuku harusi kubwa. Mzigo ukanibakia.

Wateja wachache wanaokuja wanataka kusikia kabla ya kununua, na umeme hakuna. Ukija umeme, sindano ya santuri imeisha makali na mpya haipatikani. Wengine hawataki hata kusikia, wanagonga mbao tu na kuuliza kama mchwa wameingia. Nawaambia ukweli: mchwa bado, mende tayari. Labda ndiyo maana siuzi.

Jana mchana Hadija alijikwaa kwenye spika akiwa na sufuria ya wali. Wali wote chini. Akasema ana wake wenza kumi na wawili wa mbao, na wote wanalala karibu nami kuliko yeye. Ilikuwa nafasi yangu ya kucheka. Badala yake nikasema, "Basi nitatoka nazo."

Akajibu, "Toka."

Tukala ndizi za kuchemsha bila kutazamana.

Leo asubuhi, Hadija akiwa amekwenda kijiji cha jirani, Ikoni, kumwona mama yake, ikaja barua kutoka Mutsamudu, kisiwa cha pili. Bwana Salimu, mfanyabiashara wa huko, yuko tayari kuzichukua spika zote, mradi zile mbili kubwa za mbao ya msaji ziwemo. Na boti ya Mutsamudu inaondoka leo leo. Nilifurahi kama mtoto. Nikajiambia, Hadija atarudi akute nyumba nyeupe, imefagiwa, ana pa kupita na sufuria yake. Nilitaka kumwona uso.

Nikaita mkokoteni. Kwa kuogopa mvua, nikazifunika spika kwa nilichokipata: kanzu zangu, mashuka, hadi joho langu la Idi. Ndivyo nilivyopita mbele ya msikiti mchana kweupe, safari tatu, mtu na nguo zake na matandiko yake.

Wazee wa barazani walinisalimia kwa upole ambao sikuuzoea. Mzee Mbae alinishika mkono, hakuuachia, akasema, "Mungu akupe subira, mwanangu." Nikamjibu amina, nikidhani anaonea huruma mgongo wangu.

Bandarini alinikuta shemeji yangu Ahamada, mdogo wake Hadija. Nilidhani amekuja kunisaidia kupakia. Alikuwa amesimama tu. Akaniuliza, "Dada yangu amekukosea nini?"

Ndipo nikautazama mkokoteni wangu kwa macho ya watu.

Habari zilikuwa zimeshafika Ikoni kwa teksi, na Hadija amerudi kwa teksi hiyo hiyo. Nilikimbia hadi nyumbani, mimi na umri huu. Nikamkuta amekaa sakafuni, katikati ya ile nafasi niliyomfagilia, leso bado begani. Hakuwa analia. Hilo liliniumiza zaidi.

"Ungeniambia kwa mdomo," alisema. "Ningekukunjia nguo mwenyewe."

Nimeoana naye miaka mingi, na sijawahi kusikia neno lililonichoma vile. Nilikaa chini mbele yake nikamweleza kila kitu, barua, boti, ufagio. Nilimwambia kwamba jana nilisema neno la kipumbavu na kwamba sina pa kwenda na sipataki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema ananiamini, lakini mji umeniona nikitoka, na mji hautakaa chini kama yeye kusikiliza.

Boti ilikuwa inapakia mizigo ya mwisho. Bwana Salimu huenda asiandike tena.

Nilirudi bandarini nikageuza mkokoteni. Sikuharakisha. Nilingoja watu watoke kuswali alasiri, nikapita mbele yao wote na spika zangu na kanzu zangu, safari tatu tena, nikisalimia kila mtu kwa jina. Na Hadija, ambaye si mtu wa kusimama nje, alikuwa amesimama mlangoni, amejipaka liwa usoni kama siku ya sikukuu, ananielekeza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: hiyo iweke karibu na kitanda, hiyo iweke jikoni, angalia mlango wangu usiukwaruze.

Mzee Mbae alisimama kutazama. Nilimwona akitabasamu.

Sasa nyumba imejaa kuliko jana. Naandika nimeegemea spika, na Hadija amekaa juu ya nyingine akichambua mchele. Ameniambia niandike kwa Bwana Salimu kesho, nimwombe radhi, nimwulize kama bado anazitaka. Siku ya kuzitoa, anasema, yeye ndiye atakayetangulia mbele ya mkokoteni, nami nifuate nyuma mikono mitupu. Na nitafute magunia.

Kanzu zangu amezikung'uta vumbi la njiani. Amezikunja moja moja, bila haraka, akaziweka chini kabisa ya sanduku, halafu akaweka nguo zake juu yake.