Ile ya Rajkot

Jumanne, 3 Juni 2025

Nimenaswa! Mechi ya kriketi ya Idi, msikiti wetu na vijana wa mtaa wa Lawrence Heights, ni Jumapili, na mwamuzi ni mimi. Kisa? Cheti cha uamuzi. Nilisoma ile kozi kumridhisha mume wangu tu, sasa ndiyo matunda yake. Na nani kajiandikisha kucheza? Baba mkwe. Miaka sabini!

Alhamisi, 5 Juni 2025

Baba mkwe Roshanali kashusha gongo lake la kriketi juu ya kabati, analipaka mafuta sebuleni. Zulia langu!

Tukasimuliwa upya ile ya Rajkot. Naisikia mwaka wa kumi na mbili huu. Kule India, 1978, alichezea timu ya jimbo mechi mbili. Mbio, yaani alama, kumi na moja jumla. Ya pili, mjini Rajkot, mwamuzi akamtoa: eti mpira umegusa gongo, ukadakwa. Haukugusa! Hakuitwa tena. Akaenda Dar kuoa, akauza vitambaa kabla ya familia kuhamia huku ughaibuni.

Mume wangu Aqeel huimalizia hadithi mwenyewe, kwa hasira, utadhani alikuwepo. Akidhulumiwa kazini husema ndiyo Rajkot hiyo.

Baba akaniambia safari hii ana mwamuzi wa haki. Chai ikanipalia.

Jumapili, 8 Juni 2025

Naandika garini.

Baba alipata mbio tisa — tisa, na magoti yale! Kisha mpira ukampita karibu, nikasikia tik ya gongo. Ndogo, lakini tik. Ukadakwa nyuma yake, wote wakanigeukia. Mpigaji anayejua amegusa anaweza kuondoka mwenyewe. Baba hakuondoka. Alisimama ananitazama.

Nikainua kidole: katoka.

Aqeel akapaza sauti toka pembeni: Rajkot tena, na mke wake mwenyewe! Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Huyo atanuna mpaka Muharram.

Baba kaja kukaa kiti cha nyuma, pedi za kukinga miguu bado kazivaa. Nikamwomba radhi.

"Umeamua sawa, mwanangu. Niligusa." Akatazama nje. "Na ile ya Rajkot niligusa."

Miaka arobaini na saba!

Nikamuuliza kama Aqeel anajua. Akatikisa kichwa.

Sasa Aqeel huyo, anakuja na chai tatu na uso wa kesi. Kafungua mlango. Anataka tumwambie hapa hapa, bila kuoneana haya, nani mkweli kati yetu. Naandika ili nisiinue macho.

Nimeinua. Kwenye kioo, Baba ananitazama vilevile kama uwanjani, anangoja uamuzi.