Mkono wa Ikhlas Katika Filamu ya Pili

Garsen, Tana River,
12 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Jamal,

Assalaam aleikum warahmatullah. Waonaje hali huko Kanada, wewe na wifi yangu Fardosa na watoto? Kile kifua chako kimetulia? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama yako yu mzima, ni goti tu linalomsumbua asubuhi. Mwaka huu maji hayakutufikia, na mpunga wa Kulesa umesimama vizuri.

Duka langu la kutoa nakala lingali karibu na stendi. Ile mashine uliyotolea toleo la kwanza la katuni yako ya Mkondo ilikufa zamani, lakini matoleo yote kumi na manane ninayo, na vijana huja kuyasoma wakisubiri karatasi zao.

Uliniomba nikwambie ukweli kuhusu filamu ya pili ya Mkondo. Nimechelewa kwa sababu mara tatu nilianza kukuandikia kwa simu nikafuta. Mambo mengine yanataka karatasi.

Komora alituonyesha katika ukumbi wake wa video siku ya pili ya Idi, alasiri, akitafsiri kwa maikrofoni kama ilivyo desturi yake. Nilikwenda na mama yako. Alivaa leso mpya, akamwambia kila aliyekaa karibu kwamba ile ni kazi ya mwanawe.

Jamal, filamu ile imenivunja moyo. Tangu toleo la kwanza, Mkondo haruki. Anasikia sauti ya anayezama, anakimbia ukingoni kwa miguu yake; akiwahi amewahi, akichelewa amechelewa. Ndiyo maana tulimpenda. Sasa ana mabawa ya chuma, na mashine ya kurudisha siku nyuma! Dado, mmoja wa vijana wa dukani, ambaye anayajua matoleo yako kunishinda hata mimi, aliniinamia sikioni akasema, "Dada, huyu si Mkondo. Ni mtu mwingine amevaa nguo zake."

Hayo ningeyasamehe. Toleo la saba lilivyogeuzwa siwezi.

Sisi wa Kulesa tunajua ulikolitoa. Mafuriko ya tisini na saba, mtumbwi ukapinduka, wewe una miaka kumi na mmoja na dada yako Ikhlas miaka sita, maji yakamchukua. Mdogo wake Mkondo ulimpa jina hilohilo la Ikhlas, ukamzika kwa heshima, na ukurasa wa maziko ukauacha bila neno hata moja. Nililia juu ya ukurasa ule.

Kwenye filamu amefufuliwa, tena awe adui. Anatoka majini na macho mekundu, anabomoa mji wa watu, kisha anamkabili kaka yake. Hapo Komora alinyamaza. Ukumbi mzima tukabaki na Kiingereza kitupu. Mama yako akanishika mkono.

"Anasema nini?"

"Anasema amechoka, shangazi."

"Usinifiche, Mwanasha. Nimesikia jina la mwanangu."

Nikamwambia. Binti yule anamwambia kaka yake, "Uliniachilia mkono."

Aliinuka akatoka, nami nikamfuata. Tukakaa kwenye benchi nje ya ukumbi. Nilikuwa nimejaa hasira. Nikamwambia ni wale wa kampuni ya filamu walioiharibu hadithi, wameinunua na hawajui chochote kuhusu sisi.

Akatikisa kichwa. "Hao wa kampuni wamejuaje habari ya mkono?"

Jioni ile nilirudi dukani nikalipekua toleo la saba ukurasa kwa ukurasa. Hakuna mkono, Jamal. Mle Ikhlas anachukuliwa na maji Mkondo akiwa mbali. Basi neno lile halikutoka kwa mtu mwingine. Limetoka kwako.

Mama yako alilia pale benchini, na si kwa sababu ya filamu. Alisema, "Miaka ishirini na minane mwanangu anadhani dada yake anamlaani, nami nilidhani amesahau."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Alikuwa ndani ya mtumbwi ule, aliona. Gogo liliwapiga, mkazama nyote wawili mmeshikana. Walipokuvuta wewe ulikuwa umezimia, na kiganja chako kimefumba kipande cha gauni la Ikhlas. Ilibidi watu wazima wawili wakufungue vidole. Wakakubaliana wasikuambie, wakidhani ukimya utakuponya.

Mimi bado nasema filamu ni mbaya, na sitabadilisha maneno yangu kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Ila hasira imeniisha. Ningejua umebeba mzigo huo peke yako, ningekuandikia miaka mingi iliyopita.

Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, tukingoja barua hii ikufikie, mama yako atakuwa hapa dukani. Nitafunga mlango. Piga simu, umsikie kwa sauti yake mwenyewe.

Baba yangu, mjomba wako, anakusalimu sana. Komora anakusalimu, anaomba radhi kwa kunyamaza. Alisema ulimi ulimgomea. Wabusu watoto kwa niaba yetu, na Fardosa mwambie tunamkumbuka kwenye dua. Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini na akurehemu kwa yale usiyoyasema.

Nilitaka kuishia hapo, lakini mama yako, aliyekaa kando yangu tangu nianze kuandika, amenizuia kalamu. Anasema niandike neno moja zaidi, kwa herufi kubwa, usije ukalipita: HUKUMWACHILIA.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo kuliko jana,

Mwanasha