Parabole Juu ya Bati la Baba

Jumatatu, 27 Mei 2002

Parabole imefika, dishi la kunasa televisheni! Nyeupe, nzima, pana kuliko kitanda changu. Esdras ameileta toka Beni juu ya lori la mbao. Huyu Esdras nilimfundisha falsafa miaka miwili, hakuelewa hata ukurasa mmoja. Sasa ni fundi wa parabole, na watu wanamngoja kwa foleni. Mimi nani ananingoja?

Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani, askari walichukua koili yote ya waya. Walisema wana mbuzi wa kufunga. Parabole waliigongagonga, wakaona haifai hata kupikia ugali, wakaiacha. Sokoni waya kama ule hakuna. Butembo ina kila kitu isipokuwa kile unachotafuta.

Esdras akatazama ukuta. — Prof, si Mzee aliweka antena zamani? Waya iko mu kuta!

Kweli! Marehemu baba, mwaka 1986. Waya mnene uleule, umelala humo tangu siku hizo kama panya aliyeshiba.

Ni lazima iwe tayari Ijumaa. Senegali na Ufaransa, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia. Nimetangaza mbele ya walimu wote, pamoja na préfet, mkuu wetu wa shule, kwamba Senegali itashinda. Walicheka mpaka chaki zikaanguka. Nataka kuona kwa macho yangu, si kusimuliwa na redio ya Paris!

Jumanne, 28 Mei

Nilipanda kwenye bati kabla Esdras hajaja, nikaifunga mwenyewe kwenye mlingoti wa baba. Niliiinamisha vizuri, kama kwenye picha za vitabu vyangu. Esdras alipofika alicheka hadi akaketi chini. Ile ni ya Ulaya, alisema. Kwetu satelite iko juu ya utosi. Parabole inapashwa kulala chali.

Nilibisha robo saa. Kisha nikafurahi! Ekweta inapita hapa jirani. Wao Paris wanapinda shingo, sisi tunatazama juu moja kwa moja. Kwa mara moja katikati ni kwetu! Nitaandika jambo hilo.

Mvua ikanyesha, parabole ikajaa kama beseni. Jirani Kahongya akaita toka barabarani: "Prof, unafua nguo kule juu?" Esdras akatoboa tundu.

Picha? Hakuna. Chengachenga tupu.

Jumatano, 29 Mei

Kosa limeonekana. Afadhali lisingeonekana.

Kichwa cha parabole kinakula umeme, na umeme huo unapanda kwa waya uleule unaoshusha picha. Katikati ya njia kuna kisanduku cha fundi wa baba, cha kugawa picha kwa vyumba viwili. Kinazuia umeme. Kitolewe. Kiko wapi? Juu ya dari. Dari ya nani? Ya Zorobabel!

Mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba moja iliyokatwa vipande viwili. Mwaka 1999 niliandika karatasi juu ya wafanyabiashara wanaokunywa chai na wakubwa wa uasi. Sikutaja jina. Mji mzima ulilitaja. Yeye akajibu kanisani, kwa Wabatisti wake: aliomba kwa sauti kwa ajili ya ndugu "ambaye kalamu yake haina breki". Kisha akajenga ukuta wa matofali katikati ya kolido. Miaka mitatu hatujasemezana.

Nikasema, basi, redio. Katungu mke wangu alijaza kikapu viazi, akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kwa Jokébed, mke wa Zorobabel. Hao wawili vita yetu haijawagusa kamwe. Alirudi na kikapu cha maharage, na masharti.

Shemeji anakubali, alisema Katungu. Lakini kisanduku kikitoka, picha inaenda nyumba moja tu. Iende kwake: groupe ya kutoa umeme ni yake, televisheni kubwa ni yake.

— Na parabole ni yangu!

— Na dari ni yake, akasema, akaanza kuchambua maharage.

Nimefundisha falsafa miaka ishirini. Nikavuta kigoda, nikachambua naye.

Alhamisi, 30 Mei

Esdras kwenye dari, mimi kwenye bati, Zorobabel mbele ya televisheni.

"Esdras, ambia ule wa juu asukume kidogo upande wa Lubero."

"Esdras, ambia ule wa chini kuna kushoto na kuna kulia. Lubero ni kilomita arobaini!"

Esdras alijibu kwamba yeye ni fundi, si simu.

Halafu — picha! Jokébed akapiga vigelegele. Lakini mlingoti ni mwembamba, bolti hazishiki. Ukiachilia, picha inakimbia.

Katungu anasema kesho wote tutaangalia kule kwa Zorobabel. Mimi, kuketi kwenye viti vyake? Kamwe! Nimesema nitabaki juu, lazima mtu ashike parabole. Nilidhani watanibembeleza. Hakuna aliyebembeleza.

Ijumaa, 31 Mei. Juu ya bati.

Mechi imeanza saa saba na nusu. Esdras yuko sokoni, anatafuta bolti. Nimebana parabole kwa magoti ya miaka hamsini na moja, daftari juu ya paja. Bati linachoma. Mtaa mzima uko chini yangu na unaona. Mimi naona mawingu.

Sasa hivi sauti:

"Yaya! Hapana gusa! Iko muzuri, hapana gusa tena!"

Si Esdras. Ni mdogo wangu, ananiita kaka yake. Miaka mitatu! Nikajibu: "Sigusi!" Ndiyo yote niliyopata kusema, mimi.

— Bao! Nyumba imetikisika. Nani? Ni kelele za furaha au za uchungu? Wakatoliki wetu na Wabatisti wake wanapiga kelele moja! Nimeuliza, groupe inameza sauti yangu. Nimeita "Zoro!" kama tulipokuwa watoto.

Ngazi inalia. Anapanda, pekupeku, na tumbo lake lote. Anacheka. Ameshika parabole, anasema ni zamu yake, nishuke nikaone. Nani amefunga? Hasemi! Shuka ukaone, Yaya. Sishuki mpaka useme. Basi hautashuka. Nabishana kwa mdomo, naandika kwa mkono mmoja, kila mtu ameng'ang'ania upande wake wa beseni hili, na huko chini wanalia kwamba picha imepotea!